UZI: Kwa nini kichwabapa anashika chambo bandia maji yakipwa, na yakijaa tunarudi mikono mitupu?

#1 Mshipi wa Shangani
Salaam wanajukwaa. Swali langu ni kwa wale wanaovua kwa fimbo na chambo bandia kwenye maji madogo ya pwani yetu ya Mtwara na Lindi, kuanzia Msimbati hadi Mchinga. Samaki ninayemzungumzia ni yule wa mchangani mwenye kichwa kipana kilichobonyea, macho yakiwa juu, na mkia wenye michirizi myeusi na doa la manjano katikati. Wataalamu humwita Platycephalus indicus. Katika uzi huu nitamwita kichwabapa ili tusipotezane.

Nilivyoona mimi, maji yakianza kupwa na mifereji ya mikokoni ikaanza kumwaga, anashika chambo cha mpira bila hiana, hasa pale mfereji unapokutana na fungu la mchanga. Maji yakigeuka kujaa, mahali palepale na kwa chambo kilekile, hapatikani hata wa kuonja. Dai langu ni kwamba samaki huyu huwinda wakati wa kupwa tu, na wakati wa kujaa hupumzika. Anayepinga alete sababu.

#2 Bint Mikindani
Kuhusu kupwa tuko pamoja, lakini hilo la kupumzika silikubali. Kichwabapa ni samaki wa kuvizia: hujifukia mchangani akaacha macho tu nje, akasubiri chakula kipite juu ya kichwa chake. Maji yakipwa, kamba, mkizi wadogo na kaa wadogo waliokuwa wamejificha kwenye mizizi ya mikoko hawana njia nyingine ila kutokea kwenye mdomo wa mfereji, naye amekwisha kulala hapo akiwangojea. Maji yakijaa, chakula hicho hutawanyika tena mikokoni na kwenye nyasi za bahari, naye hukifuata hukohuko. Kwa hiyo amehama, wala hajapumzika, na wewe unaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshatoka.

#3 Kandambili
Mkuu wa #1, una hakika huyo si gayogayo? Naye ni bapa, naye hulala mchangani. Tusije tukajadili kurasa tatu halafu tukaletewa picha ya samaki mwingine.

#4 Mwalimu wa Ligula
Ndugu Kandambili, tofauti yao inaonekana hata gizani kwa kupapasa. Gayogayo hulalia ubavu na macho yake yote mawili yako upande mmoja. Kichwabapa hulalia tumbo, kushoto na kulia kwake ni sawasawa, na kila upande wa shavu ana miiba inayoelekea nyuma ambayo ukiishika vibaya utaikumbuka. Hana kibofu cha hewa, ndiyo maana hakai katikati ya maji hata siku moja. Akiacha kuogelea, hushuka chini.

Pia tusimchanganye na yule ndugu yake mwenye vijinyama juu ya macho, Papilloculiceps longiceps, anayelala pembeni mwa matumbawe. Huyo ni wa kupiga mbizi na kumtazama, si wa mdomo wa mfereji. Kichwabapa wa kawaida hufika sentimita 60 hivi, na aliyekomaa sana anaweza kufika mita 1.

Kuhusu dai la msingi, nadhani Bint Mikindani ameeleza nusu. Hajaeleza kwa nini, tukimfuata huko mikokoni maji yakijaa, bado hatumpati.

#5 Nahodha Mstaafu
Vijana, mnabishana juu ya kitu ambacho bahari imekiandika chini. Subirini bamvua, zile siku za maji makubwa, maji yakauke kabisa, kisha mtembee taratibu kwenye ukingo wa mkondo, upande wa Msanga Mkuu au popote penye mchanga uliochanganyika na tope. Mtaona alama aliyolala: upande mmoja ni mpana na umezama kidogo, pale kichwa kilipokuwa, halafu inapungua hadi kuwa mstari mwembamba wa mkia, mfano wa mwiko uliobonyezwa mchangani. Alama ya samaki aitwaye taa ni duara na ni pana zaidi, kwa hiyo huwezi kukosea. Ukiikuta alama ambayo kingo zake bado ni kali na ndani yake mmebaki maji safi, jua ameondoka muda si mrefu. Kingo zikiwa zimelainika, hiyo ni ya maji ya jana.

Zamani tulikuwa tukiziona alama hizi tunaweka mshipi wa mkono na kamba hai. Leo mnatupa mpira wa rangi ya waridi. Sina ugomvi nao, ila msisahau kusoma mchanga.

#6 Mshipi wa Shangani
Shikamoo mzee. Nina swali moja: alama hizo vichwa vyake huelekea wapi?

#7 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Zile za kwenye mdomo wa mfereji karibu zote huelekea juu, kule maji yanakotoka yakipwa. Lakini usiharakishe kushangilia. Alama inayobaki hadi kukauka ni ya aliyelala mwisho, na aliyelala mwisho alilala maji yakipwa. Za wakati wa kujaa hufutwa na maji yenyewe. Kwa hiyo mchanga unakuambia alikuwapo wakati wa kupwa. Haukuambii kwamba wakati wa kujaa hakuwapo.

#8 Fundi wa Kitunda
Hapo mzee ametuonyesha kitu. Mimi ninavua upande wa pili wa Lindi, karibu na mdomo wa mto Lukuledi, na maelezo yangu ni mepesi kuliko yenu yote: ni suala la kina.

Kichwabapa hapandi juu kufuata chambo kama kolekole. Chambo kikipita karibu naye atakirukia. Kikipita mbali atakiangalia tu. Maji yakiwa ya magotini, kila unachorusha kinapita karibu na chini, upende usipende. Maji yakijaa na kufika kifuani, chambo kilekile chenye kichwa cha risasi cha gramu 5 hakifiki tena chini kabla mkondo haujakibeba. Wewe unadhani unavua chini, kumbe unavua katikati, ambako Mwalimu amekwishatuambia kwamba samaki huyu hakai.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kwenye maji yasiyofika kiunoni, kichwa cha risasi cha gramu 5 hadi 7 kinatosha. Mkondo ukiwa mkali au kina kikizidi, napanda hadi gramu 10 au 15. Narusha, naacha chambo kishuke hadi mshipi ulegee, ndiyo dalili kwamba kimegusa chini. Nanyanyua ncha ya fimbo kiasi cha mkono mmoja, nashusha, nakunja mshipi uliolegea, nasubiri hadi kiguse tena. Mara nyingi samaki hushika chambo kikiwa kinashuka, kwa hiyo mshipi usilegee kupita kiasi, la sivyo hutajua kilichotokea. Huo mshiko wenyewe wala si wa kutingisha fimbo: unanyanyua kwa mara nyingine na kukuta uzito ambao haukuwapo.

Mshipi wa kusuka wa ratili 10 unafaa kwa sababu hauvutiki, na mkononi unausikia mchanga. Mbele yake nafunga kipande cha nailoni cha ratili 20 chenye urefu wa mita 1 hivi. Meno yake ni madogo lakini ni mengi, na husaga mshipi kidogo kidogo hadi unakatika dakika unayotaka kumtoa.

#9 Kandambili
Ahsante Fundi, hapo umetoa somo. Kwa wasio na pesa ya kuagiza vyambo vya dukani, mimi hukata kandambili kuukuu. Nachonga umbo la samaki wa urefu wa kidole cha kati, mkia nauacha mwembamba ili ucheze, kisha naupitishia ndoana. Mpira wa kandambili huelea, kwa hiyo lazima risasi iwe nzito kidogo, lakini faida yake ni kwamba kikigusa chini, mkia hubaki umesimama juu. Sasa mmejua jina langu limetoka wapi.

#10 Daftari la Maji
Nimesoma kurasa zote na sijaona aliyetaja saa.

Kwenye pwani yetu maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Matokeo yake ni kwamba siku za bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Ndivyo ilivyo kila bamvua. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni.

Sasa jiulizeni mnavua lini. Wengi wenu mnavua bamvua, kwa sababu ndipo mafungu ya mchanga yanapotokeza na mtu anaweza kutembea. Kwa hiyo kupwa kwenu ni alfajiri na asubuhi, jua likiwa chini na upepo haujaamka. Kujaa kwenu ni kuanzia saa tano hadi alasiri, jua likiwa utosini, na miezi ya kusi upepo ukiwa umekwisha kuchafua uso wa maji. Mnasema samaki anapenda kupwa, na mimi nasema huenda anapenda asubuhi, ila ninyi hamjawahi kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Njia ya kuvitenganisha ipo. Nendeni siku za maji mafu, mvue alfajiri maji yakijaa, kisha mvue mchana maji yakipwa. Mkipata alfajiri na kukosa mchana, dai la #1 limeanguka.

#11 Mshipi wa Shangani
Daftari, hoja yako nzito na nimeisoma kwa makini. Lakini maji mafu tumekwisha kuyavua, na mchana maji yakipwa tuliwahi kuwapata, japo wachache na wadogo. Kama ni asubuhi tu, hao wa mchana walitoka wapi?

#12 Bint Mikindani
Nami nina pingamizi dhidi ya jaribio lenyewe. Bamvua maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1. Kwenye ghuba yetu ya Mikindani, yenye mlango mwembamba, maji mafu mifereji mingi haimwagi hadi mwisho. Maji yanabaki mikokoni na kamba wanabaki humohumo. Kwa hiyo ukienda siku hizo umebadilisha saa, lakini pia umebadilisha nguvu ya mkondo na wingi wa chakula kinachotoka. Ukikosa samaki mchana, nitajuaje kama ni kwa sababu ya jua au ni kwa sababu mfereji haukumwaga?

#13 Daftari la Maji
Hilo ni kweli. Basi wafanye siku za katikati, baada ya bamvua na kabla ya maji mafu.

#14 Kandambili
Siku za katikati ndizo ambazo wote tuko kazini, mkuu.

#15 Mgeni wa Lindi
Samahani kwa kuingilia kati. Nimekuwa nikitazama video za wavuvi wa Australia, ambako samaki wa jamii hii huvuliwa sana kwa vyambo laini, na wao pia wanasifu kupwa. Maelezo yao mojawapo ni kwamba fungu la mchanga hupigwa na jua, maji yaliyopashwa joto juu yake hutiririka kwenye mkondo, na samaki husogea kuifuata joto hiyo. Je, haiwezi kuwa ndiyo sababu hata huku?

#16 Mwalimu wa Ligula
Karibu. Video hizo zina manufaa, lakini lazima tujue zinazungumzia nini. Samaki anayevuliwa sana huko mashariki mwa Australia ni Platycephalus fuscus, ambaye ni mkubwa kuliko wa kwetu, na majira ya baridi maji ya mito yao hupoa kweli. Hapo joto la fungu la mchanga linaweza kuwa na maana. Bahari ya Mtwara mwezi Agosti, ikiwa imepoa kuliko wakati wote, bado huwa na nyuzi 25 hivi, na Machi hukaribia 30. Samaki wa huku hana baridi ya kuikimbia. Ikiwa joto lina kazi yoyote hapa, pengine linamfukuza kwenye maji madogo mchana, na hapo unarudi kwenye hoja ya Daftari.

#17 Fundi wa Kitunda
Mwalimu amesema vyema, ila mbinu za video zile zinafanya kazi huku bila kubadilishwa. Kunyanyua na kushusha ni kulekule.

#18 Mgeni wa Lindi
Na rangi ya maji je? Nilidhani maji yakijaa huwa maangavu kwa kuwa yanatoka baharini, hivyo samaki anauona mshipi.

#19 Fundi wa Kitunda
Hoja hiyo ina mguu mmoja. Kweli, maji ya kujaa ni maangavu na ya kupwa yana tope la mikokoni. Lakini masika Lukuledi ikishuka na udongo wake, upande wetu maji huwa na rangi ya chai yakijaa na yakipwa, na bado ninapata zaidi yakipwa. Kama sababu ingekuwa kuuona mshipi, miezi hiyo tofauti ingetoweka. Tope likizidi naweka chambo cheusi au cha zambarau iliyokolea kwa sababu umbo lake huonekana. Maji yakiwa safi naweka cheupe au cha rangi ya kamba. Wenzangu wananicheka, wakisema rangi humnasa mvuvi dukani kabla ya kumnasa samaki.

#20 Kandambili
Nilikucheka mimi, na bado nacheka. Changu kina rangi moja tu, ya bluu, na kisigino kimelika.

#21 Muuguzi wa Mshipi
Niongeze jambo ambalo halijatajwa, kwa kuwa nawahudumia wanaoumia. Mnapotembea kwenye maji ya magotini kumtafuta kichwabapa, mnatembea anapolala taa. Msinyanyue miguu na kukanyaga. Iburuteni mchangani ili taa ashtuke na kuondoka. Akikuchoma, chovya mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kuwa kimebaki ndani.

Kichwabapa mwenyewe hujeruhi akiwa amekwisha kutolewa. Hutikisa kichwa kwa nguvu, na miiba ya mashavu hupasua kiganja. Msimnyanyue kwa mshipi. Mpokeeni kwa wavu wa mkono akiwa bado majini, mkianzia kichwani, kwa sababu akiguswa mkia huruka mbele. Kisha mfunikeni kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kutoa ndoana.

#22 Mwenyeji wa Msimbati
Kwa kuwa #1 ameitaja Msimbati, niwakumbushe kwamba eneo letu limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mgeni anayetaka kuvua kwa burudani apite kwanza kwenye ofisi ya hifadhi aulize kibali na sehemu zinazoruhusiwa. Nje ya hifadhi pia, aulizie leseni kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Kuna kijana mmoja alikuja na fimbo ya bei kubwa, akakutana na doria kabla hajakutana na samaki.

#23 Bint Mikindani
Na wakubwa mnawafanyaje? Katika kichwabapa wa Australia aliyetajwa na Mwalimu, wale wakubwa karibu wote ni majike, na huko Queensland anayezidi sentimita 75 hurudishwa majini kwa sheria.

#24 Kandambili
Dada yangu, nikimrudisha majini kichwabapa wa sentimita 75 mbele ya watu wa Shangani, jioni hiyo watakuja wazee kuniuliza kama ninaumwa.

#25 Nahodha Mstaafu
Bint hakusema vibaya. Sisi hatukuwa na fimbo, na wakubwa walikuwapo. Kilichowapunguza ni juya linalokokota mchanga wote pamoja na watoto wa samaki, na baruti zilizopigwa miaka ile. Ila na mimi ningemla.

Turudi kwenye hoja. Nimewasikiliza wote na kuna kitu hamjakisema. Maji yakipwa, mnasimama kwenye fungu la mchanga na kurusha kuelekea mfereji, kisha mnavuta chambo kikishuka na maji, kama kamba anavyoshuka. Maji yakijaa mnarudi nyuma kuelekea ufukweni kwa kuogopa kuzungukwa, mnarusha mbele yenu, na mnavuta chambo kwa kasi kubwa kuliko mkondo, au kinapita ubavuni mwake, au kinamjia kwa nyuma. Hakuna kamba anayekwenda hivyo. Wakati wa kujaa jaribuni kusimama upande wa bahari, kwenye mtumbwi, mrushe chambo mbele na kukiacha kiingie mikokoni pamoja na maji.

#26 Mshipi wa Shangani
Nashukuru mzee. Hili la mtumbwi nitalifanya, na Fundi akikubali nitaazima risasi zake za gramu 15 ili hoja ya kina isiwe kisingizio. Lakini hata nikipata samaki, Bint atasema ni kwa sababu nimemfuata alikohamia, Fundi atasema ni risasi, na mzee atasema ni mwelekeo.

#27 Daftari la Maji
Na mimi nitauliza ilikuwa saa ngapi.

#28 Mwalimu wa Ligula
Daftari, hesabu yako mwenyewe ina tundu ambalo hakuna aliyeligusa. Bamvua maji hupwa mara mbili. Kama yanakauka saa nne asubuhi, yanakauka tena usiku wa saa nne na ushee, maana yake kuna kupwa kunakoanza alasiri na kuendelea gizani, kukiwa hakuna jua la utosini wala asubuhi. Hapo mkondo una nguvu ileile, mfereji unamwaga vilevile, kilichobadilika ni saa tu. Jaribio lako halihitaji maji mafu hata kidogo. Je, kuna mwanajukwaa anayevua kichwabapa kwa chambo bandia kati ya magharibi na saa nne usiku?

#29 Fundi wa Kitunda
Upande wetu saa hizo wapo wenye taa za karabai na wenye nyavu za kimia. Wa fimbo sijamwona.

#30 Kandambili
Mbu wa mikokoni ndio watakaojibu swali hilo, Mwalimu. Tangulia, nitakushikia taa.